Sanduku Si la Lulu

Filamu za zamani tunazoonyeshwa katika somo la fasihi linganishi huja na muhtasari wa sentensi moja, na muhtasari huo ndio hubaki vichwani baada ya picha zenyewe kusahaulika. Wa filamu bubu ya Kijerumani Die Büchse der Pandora, yaani Sanduku la Pandora, iliyoongozwa na G. W. Pabst na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza Berlin mwezi Februari 1929, ni huu: mwanamke mrembo asiye na mipaka anaangamiza kila mwanamume anayemgusa, na mwishowe naye anaangamia. Nimeusikia kwa wenzangu, nimeuona katika madaftari yao, na katika semina moja niliusikia ukifungwa kwa methali kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe. Wengi waliitikia kwa vichwa.

Mimi naupinga. Wala sisemi kwamba huo ni mtazamo mmojawapo tu na kila mtu ana wake. Nasema kwamba maneno hayo yana mwenyewe, naye ni mhusika ndani ya filamu: mwendesha mashtaka. Ndiye anayesimama kortini, anayesimulia kisa cha Wayunani kuhusu Pandora, mwanamke aliyeumbwa na miungu akiwa na kila kivutio, akafungua sanduku na maovu yote yakatoka. Kisha anamwelekea Lulu aliyekaa na mtandio mweusi wa msiba usoni. Anaomba auawe. Hiyo ni kazi yake. Serikali inamlipa aifanye. Sisi hatulipwi na mtu, lakini tumeichukua hotuba yake na kuiita maudhui.

Kwa wasioitazama, kisa kwa ufupi. Lulu ni msichana aliyetunzwa na Dakta Schön, mmiliki wa gazeti, mtu wa heshima zake mjini. Schön anataka kuoa binti wa waziri na kumwacha Lulu, lakini hawezi kumwacha. Anaishia kumwoa Lulu, na usiku uleule wa harusi anakufa kwa risasi. Lulu anahukumiwa kwa kuua bila kukusudia, marafiki zake wanazusha vurumai ya moto mahakamani, anatoroka. Anakimbia na Alwa, mtoto wa Schön, hadi kwenye meli ya wacheza kamari, na kutoka hapo hadi darini mwa nyumba chakavu London, ambako anauawa na Jack the Ripper. Ndiyo hadithi. Sasa tuangalie ilivyotoka jukwaani, maana hapo ndipo hoja yangu ilipo.

Pabst na mwandishi wake wa filamu, Ladislaus Vajda, walitumia tamthilia mbili za Frank Wedekind: Erdgeist ya mwaka 1895 na Die Büchse der Pandora, iliyotoka kama kitabu mwaka 1904 na kuburutwa mahakamani kwa madai ya uchafu. Erdgeist inafunguliwa na dibaji ambayo haisahauliki. Mfuga wanyama wa sarakasi anatoka mbele ya pazia, anawakaribisha watazamaji kwenye banda lake, anawatajia wanyama wake wakali, kisha anaagiza aletwe nyoka. Nyoka huyo ni Lulu, anabebwa mikononi kama kifurushi. Kabla mwanamke hajasema neno lake la kwanza katika tamthilia, mtazamaji ameshaambiwa ni mnyama gani. Wapo wanaosema Wedekind alikuwa anawakejeli watazamaji wake kwa dibaji ile, na huenda ni kweli, yeye alikuwa mtu wa kejeli. Lakini kejeli au si kejeli, neno nyoka limeshatamkwa.

Pabst ameifuta dibaji hiyo yote. Filamu yake inaanza na msoma mita.

Naomba wasomaji wangu wakae kidogo na huyu msoma mita, kwa sababu ni mtu ambaye muhtasari wetu haumtaji kabisa. Mzee wa sare na kitabu chake, amekuja kwenye nyumba ya Lulu kusoma mita. Lulu anamlipa, anampa bakshishi, anampa kinywaji, anamtabasamia. Mzee anayeyuka. Unamwona akijiweka sawa, akianza kudhani kwamba tabasamu lile lina maana, kwamba yeye, miongoni mwa wanaume wote wa Berlin, amechaguliwa. Kisha kengele inalia, mlangoni yupo mzee mwingine, Schigolch, kachakaa na mchafu, Lulu anamrukia kwa furaha na kumvuta ndani, na msoma mita anaachwa amesimama pale kama mwavuli uliosahauliwa. Katika dakika hizo chache Lulu hajafanya lolote zaidi ya kuwa mkarimu kwa mtu aliyekuja kazini. Yote mengine yametokea kichwani mwa mzee, na kamera imetuonyesha yakitokea. Mahali pa mfuga nyoka, Pabst ameweka mtu anayetazama na kujidanganya. Mabadiliko hayo si ya bahati mbaya, ni ya mtu anayejua anachokiondoa.

Tuendelee kuhesabu alivyoondoa. Katika Erdgeist maiti zimepangwa mstari. Mume wa kwanza, Dakta Goll, anaanguka na kufa anapomkuta Lulu na mchoraji Schwarz. Mume wa pili ni Schwarz huyo, naye anajikata koo anapoambiwa historia ya mkewe. Mume wa tatu ni Schön. Ukisoma tamthilia hiyo unaweza kuelewa anayesema kwamba mwanamke huyu ni tauni. Lakini katika filamu Goll hayupo, Schwarz hayupo. Kilichobaki cha mchoraji ni picha kubwa ukutani, Lulu katika vazi la mchekeshaji. Kwa hiyo mwenzangu anayeandika kwenye insha kwamba katika filamu ya Pabst "wanaume wanakufa mmoja baada ya mwingine" aniambie ni wanaume gani. Anakufa Schön. Anakufa Rodrigo, mwanasarakasi aliyekuwa akimtishia Lulu amwage siri, na anayemuua ni Geschwitz. Alwa hafi. Schigolch hafi. Casti-Piani, ambaye kazi yake ni biashara ya wanawake, hafi, wala hakwaruzwi. Anayekufa ni Lulu.

Na hicho kifo cha Schön kina tofauti ambayo peke yake ilipaswa kufunga mjadala. Jukwaani, Lulu anampiga Schön risasi tano. Mwenyewe, kwa mkono wake, bila mtu kumshika. Wedekind hakuacha shaka. Kwenye filamu, Schön anamkuta Alwa ameweka kichwa mapajani mwa Lulu chumbani, baada ya kuwafukuza Schigolch na Rodrigo waliolewa humohumo. Anamtoa mwanawe nje. Anarudi na bastola. Lulu anajitazama kwenye kioo, anavua vito vyake vya harusi, na sura ya Schön inatokea nyuma yake kiooni. Anamlazimisha aishike bastola ile, anamwambia ajiue. Anaisukuma mkononi mwake, mwili wake mkubwa umemfunika, mgongo wake tu ndio tunaouona, mikono yao haionekani. Moshi unapanda katikati yao. Schön anasimama pale kwa muda mrefu kuliko tunavyotarajia, kisha anaanza kuteleza chini, na uso wa Lulu ni uso wa mtu asiyeelewa kilichotokea. Ninaweza kutaja mambo mengi ya kubishaniwa katika filamu hii, lakini nani aliyeileta bastola chumbani si mojawapo. Nani alitaka mtu afe usiku ule si mojawapo pia.

Schön anatumia pumzi zake za mwisho kumwonya mwanawe kwamba atakayefuata ni yeye. Angalieni uzuri wa mbinu hii. Mtu ameleta silaha, amemwamuru mke wake wa saa chache ajiue, imemgeukia, na bado maneno ya mwisho anayoyaacha ni mashtaka dhidi ya mke. Mwendesha mashtaka atakapokuja na Pandora wake, atakuwa anaimalizia tu sentensi iliyoanzwa na marehemu.

Ndani ya korti ileile kuna jibu, nalo tumelipita kana kwamba halikusemwa. Geschwitz, mwanamke wa ukoo wa kikabaila anayempenda Lulu, anasimama kwenye viti vya watazamaji na kumuuliza mwendesha mashtaka: mke wake yeye angekuwa mtu gani leo, kama utotoni angekesha usiku kwenye mikahawa na kumbi za starehe? Ni swali la mstari mmoja, na halijibiwi. Lakini linatupeleka moja kwa moja kwa Schigolch, mzee yule wa mlangoni, anayetajwa mara kama mlezi wa kwanza wa Lulu, mara kama baba yake. Tangu mwanzo anamchezesha dansi huku akipiga kinanda cha mdomo, na tangu mwanzo anapokea pesa zake. Lulu ameuzwa tangu hajajua kuhesabu. Muhtasari wa "mwanamke asiye na mipaka" unasahau kuuliza nani alipaswa kumwekea mipaka hiyo, na alikuwa wapi.

Nikifika hapa huwa naambiwa: basi wewe unataka Lulu awe malaika. Sitaki. Hakuna haja. Nyuma ya jukwaa la onyesho ambalo Schön amemfadhilia, Lulu anamwona Schön na mchumba wake, anagoma kucheza, anajitupa chini, anapiga mateke kama mtoto, hadi Schön anamvuta kwenye chumba cha vifaa ili amkemee. Mchumba na Alwa wanapofungua mlango wanamkuta Schön amemkumbatia. Lulu anainua uso na kutabasamu kwa ushindi. Ni tabasamu la kikatili, na yule binti wa waziri hakuwa amemkosea kitu. Mtu akiniambia kwamba hapo Lulu ni mbinafsi, nitakubali kabla hajamaliza kusema. Ila ubinafsi wa mtu anayegombea kutotupwa haufanani na uovu wa Pandora uliotoka sandukuni kuja kuuangamiza ulimwengu. Wahusika wengi tunaowasifu kwenye tamthilia zetu wana ubinafsi wa kiasi hicho. Kwa kuwa ni wanaume tunauita azma.

Pingamizi la pili ni la kitaaluma zaidi, na nalisikia kwa walimu kuliko kwa wanafunzi. Kwamba tamthilia ni maneno, na kuigeuza tamthilia kuwa filamu bubu ni kuitoa ulimi. Malalamiko haya si mapya. Hata Berlin ya mwaka 1929 kulikuwa na wahakiki waliouliza itakuwaje Lulu wa Wedekind asiyesema, tena akiigizwa na Louise Brooks, Mmarekani kutoka Kansas, mcheza dansi aliyeacha kampuni ya Paramount mwaka mmoja kabla. Walisema haigizi, anakuwepo tu. Sisi tunaosomea Kiswahili nje ya Tanzania na Kenya tuna sababu ya ziada ya kulikubali pingamizi hili harakaharaka: wengi wetu tamthilia tumekutana nazo kwenye karatasi tu, hatujawahi kuziona zikichezwa, hivyo kwetu tamthilia kweli ni mazungumzo yenye majina pembeni.

Lakini tujiulize maneno hayo yaliyopotea yalikuwa ya nani. Katika Erdgeist kila mwanamume anamwita Lulu jina analolitaka yeye. Goll anamwita Nelly, Schwarz anamwita Eva, Schön anamwita Mignon. Wanamwongelea, wanamweleza, wanampa tafsiri, na mfuga wanyama alishawatangulia wote. Maneno mengi ya tamthilia ile ni maneno juu yake. Filamu bubu ilipoyanyang'anya, haikumnyang'anya yeye kiasi hicho, iliwanyang'anya wao. Wanaume wa Pabst wamebakiwa na macho, nasi tunaona macho yao. Fritz Kortner, aliyeigiza Schön, ni mwigizaji wa jukwaani na mgongo wake mpana unasema mengi kuliko hotuba. Na Brooks kutoigiza kwa namna ile ya zamani, ya kutumbua macho na kushika kifua, ndiko kulikofanya mashtaka yasishike. Mwendesha mashtaka anataja uovu, tunamtazama mshtakiwa, na usoni mwake hatuuoni. Anamtabasamia hata mwendesha mashtaka. Laiti angekuwa ameigiza "mwanamke hatari" jinsi ilivyozoeleka, muhtasari wetu ungekuwa sahihi na mimi nisingekuwa na insha ya kuandika.

Nikitoka nje ya mada kidogo: kwa Kiswahili jina lenyewe lina maana ambayo Wedekind hakuiwazia. Lulu ni kito. Kinazamiwa baharini, kinapimwa, kinapangiwa bei, kinavaliwa na mtu mwingine. Sijui tafsiri nzuri zaidi ya mandhari ya kwenye meli, pale Casti-Piani anapomwonyesha mteja picha za Lulu huku wakipatana bei.

Mteja huyo ni Mmisri, na hapa nina ugomvi na Pabst mwenyewe. Filamu inayojitahidi namna hii kutuonyesha jinsi macho ya wanaume wa Ulaya yanavyomtengeneza mwanamke, inapomhitaji mnunuzi wa wazi kabisa, mwenye danguro, inamtafuta Afrika. Kumtetea Lulu hakunilazimu nilinyamazie jambo hilo. Vilevile Geschwitz. Katika tamthilia anamfuata Lulu hadi London, Jack anamuua naye pia, na maneno ya mwisho jukwaani ni yake. Kwenye filamu anatumwa akamshughulikie Rodrigo, kisha hatufuatani naye tena. Mtu pekee aliyeuliza swali la maana mahakamani ameachwa nyuma. Ni pengo kubwa, na ningependa kusoma insha ya mwenzangu atakayelichunguza badala ya kurudia mambo ya kisima.

Turudi kwenye kisima basi, maana methali ile ilisemwa kuhusu mwisho wa filamu, kuhusu mwanamke aliyechinjwa, na ndiyo iliyonifanya niandike. Ni usiku wa Krismasi, London ina ukungu, tangazo linawaonya wanawake kuhusu muuaji. Darini hakuna chakula. Lulu anashuka barabarani kutafuta mteja. Anampata kijana mwenye uso wa huzuni, ambaye muda si mrefu amepewa mshumaa na kijitawi cha Krismasi na msichana wa Jeshi la Wokovu. Kwenye ngazi kijana anasema hana pesa. Lulu anamwambia aje hivyo hivyo, amempenda. Jack anakitoa kisu chake alichokificha nyuma na kukiacha kianguke gizani. Anataka kutomuua. Wanakaa pamoja kama watu wawili wowote wanaopendana, mshumaa unawaka. Kisha macho yake yanaona kisu cha mkate juu ya meza, kinametameta kwenye mwanga wa taa. Tunachokiona baada ya hapo ni mkono wa Lulu unaolegea na kuteleza.

Amechimba nini hapo? Amempa mtu joto bila kumdai hata senti. Ni kitendo chake cha kwanza katika filamu nzima ambacho hakihusiani na fedha ya mtu, na ndicho kinachomuua. Anayesema kwamba kifo hicho ni mavuno ya alichopanda anasema jambo ambalo filamu haisemi popote. Analitoa nyumbani kwake. Na tunajua analitoa wapi, kwa sababu hulisikia kila mwanamke anapokutwa ameuawa mahali fulani: alikuwa anatoka saa ngapi, alivaa nini, alikuwa na nani. Aliyeshika kisu huulizwa baadaye, kama huulizwa. Wedekind, katika onyesho la faragha la Vienna mwaka 1905, alimwigiza Jack yeye mwenyewe, na Lulu akaigizwa na Tilly Newes, ambaye mwaka uliofuata alikuwa mke wake. Nimeitafakari sana habari hiyo na sijaamua ina maana gani, ila angalau mtunzi alikubali kusimama upande wa mwenye kisu waziwazi, watu wamwone. Sisi tunasimama hapo na kuuita uhakiki.

Tabia hii haikuja na filamu ya Kijerumani. Kila anayesoma Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi hukutana na maswali ya namna hiyo. Tunaulizwa kuhusu "upotovu" wa Rosa kwa kurasa na kurasa. Kipigo cha baba yake, Zakaria, kinapewa aya moja chini ya kichwa "malezi". Mbinu ni ileile: binti ndiye mada, waliomfikisha pale ni mazingira. Kezilahabi hakuandika hivyo, na Pabst hakupiga picha hivyo. Kazi ya kuwageuza wanaume kuwa hali ya hewa tumeifanya wenyewe, kwenye madaftari yetu.

Baada ya kifo, Pabst hamalizii kwa Jack wala kwa maiti. Schigolch yuko baa, amepata mtu wa kumnunulia keki yake ya Krismasi, anakula kwa utulivu mkubwa. Alwa amesimama nje ya nyumba, anamwona Jack akitoka na kupotelea kwenye ukungu, hajui kilichotokea juu, hapandi kuangalia. Linapita gwaride la Jeshi la Wokovu naye analifuata. Wanaume watatu walioishi kwake au kupitia kwake wanaondoka kwa miguu yao.

Swali la semina lililoko kwenye karatasi za kozi yetu hadi leo linasema: "Jadili jinsi Lulu anavyosababisha maangamizi ya wahusika wengine." Naomba walimu wetu walifute kabla ya muhula ujao. Kama ni lazima liwepo swali la mstari mmoja, lipo tayari kwenye filamu, alilouliza Geschwitz kortini, na bado halijajibiwa.